Mkono Unaojua Kusimama

Mvuvi wa kawaida hufunga kipande cha risasi mshipini, na uzito wake ndio unaovuta mshipi kwenda majini. Mvuvi wa inzi bandia hana uzito huo. Ndoana yake imevishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, nyepesi mno hata haitupiki. Anachorusha ni mshipi wenyewe, uliofanywa mzito kwa makusudi. Mshipi wa namba 5 una takriban gramu 9 katika mita 9 za mwanzo, na ufito wa namba hiyo umeundwa upindwe na uzito huo.

Kupinda huko ndiko tabia ya ufito. Fito ngumu hupinda karibu na ncha tu, za kati hufika nusu, na laini hupinda hadi karibu na mpini. Madukani siku hizi zinasifiwa ngumu, kwa kuwa hutupa mbali. Sifa hizo zimezidi. Katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, ambako samaki aina ya trauti kutoka Uskoti walipandwa mwaka 1905, samaki huweza kuwa hatua chache tu mbele yako, nyuma ya jiwe. Mshipi mfupi hauna uzito wa kuupinda ufito mgumu. Ule laini utapinda, na mkono utausikia.

Mtazame fundi. Anaanza ncha ikiwa karibu na maji na mshipi umenyooka, maana mshipi uliolegea haupindi kitu. Anainua polepole, anaongeza kasi, kisha mkono unasimama ghafla, ncha ikiwa imepita utosi kidogo tu. Hapo ufito unanyooka, mshipi unaipita ncha na kufanya kitanzi chembamba kinachojikunjua nyuma yake. Anangoja. Akiwahi kurudi mbele, mshipi hulia kama mjeledi na inzi hukatika. Akichelewa, mshipi huangukia vichakani. Kifundo cha mkono kikilegea, ncha huzunguka badala ya kwenda moja kwa moja, kitanzi hupanuka na upepo hukichukua. (Na yale mafundo yanayojifunga karibu na inzi, ambayo wavuvi huusingizia upepo, mara nyingi hutokana na nguvu iliyotiwa kwa kishindo.)

Anayedhani hii ni kazi ya misuli amkumbuke Joan Wulff, mrushaji mshipi wa Marekani aliyekuwa pia mwalimu wa dansi. Mwaka 1951 aliwashinda washindani ambao wote walikuwa wanaume katika mashindano ya kurusha mbali, na mwaka 1960 akafikisha futi 161, yaani kama mita 49.

Ukitaka kujifunza, anzia kwenye nyasi na ufito wa kati. Funga kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, na kila unaporusha nyuma geuza shingo uutazame mshipi mpaka unyooke.