Njambi Koikai na Maumivu Yasiyo na Mwisho

Tangu Njambi Koikai afariki Juni 2024, hadithi yake imesimuliwa sana kwa mpangilio mmoja: dada wa reggae mwenye sauti kali anaugua, anaenda Atlanta mwaka wa 2018, anapasuliwa, anarudi nyumbani shujaa. Tamu. Shida ni kwamba yeye mwenyewe hakuisimulia hivyo.

Fyah Mummah Jahmby alianzia kwa hedhi ya kwanza, akiwa na miaka 13, na hakuwa na haraka ya kufika kwa upasuaji. Alieleza jinsi pafu lilivyokuwa likinywea hedhi ikija. Hapo msikilizaji anashtuka: kumbe endometriosisi, tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ikimea mahali pasipo pake, inaweza kufika hadi kifuani! Maelezo hayo yanashinda bango lolote la ukutani kwa sababu yana kalenda. Unahesabu siku naye. Unajua mwezi ujao unakuja.

Ndiyo maana neno "shujaa" linanikera. Shujaa hushinda, halafu sinema inaisha. Njambi alirudi Kenya, akaendelea kuongea, akaendelea kuugua. Mahojiano mengi yalitaka machozi na muujiza, yakaruka miaka ya katikati, ile ya kuambiwa ni mambo ya kawaida ya wanawake.

Na miaka hiyo ndiyo ya mtu wa Ngoliba. Huku ukisema tumbo linakunyonga kila mwezi, utaambiwa ukizaa litatulia. Daktari bingwa ni wa kufuatwa Thika, na nauli ni nauli. Ukimfikia, unaulizwa maumivu ni ngapi kwa kumi. Saba? Tisa? Manze, lugha yetu ina kukeketa, kuwanga, kupwita, kuchoma, kunyonga, na kila neno ni habari tofauti kwa daktari anayesikiliza. Kwa nini tumpe namba tu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata takriban 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Sio wote watapewa maikrofoni. Mimi ningependa kumsikia mmoja ambaye bado hajajua ugonjwa wake unaitwaje, akisimulia Jumanne ya kawaida tu: aliamka, akaanza kufua, akaketi chini katikati ya nguo, akamalizia kesho yake.