Sifuri Iliyohamishwa Jedwali

Mliofuatilia Sheria ya Fedha ya 2021 mnajua kifungu ninachokilalamikia. Huduma zinazouzwa nje ya Kenya ziling'olewa kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT, lenye kiwango cha sifuri, zikapelekwa Jedwali la Kwanza, kwa waliosamehewa. Aliyeandika kifungu hicho ama hakuielewa VAT, ama aliielewa vizuri mno na shida yake ilikuwa marejesho ambayo mamlaka ya mapato, KRA, haitaki kuyalipa. Mimi naamini la pili.

Chukua kampuni ya programu pale Westlands, wateja wake wote wako London. Pango la ofisi ni shilingi milioni moja kwa mwezi, VAT juu yake 160,000. Hadi Juni 2021 ankara ya London iliandikwa asilimia sifuri, na zile 160,000 zikadaiwa. Kuanzia 1 Julai ankara ile ile, kiasi kile kile, ikawa ya msamaha. Mteja hakuona tofauti yoyote. Aliyeiona ni mhasibu: hana tena cha kudai, 160,000 zimekuwa gharama, ama azimeze ama azifiche kwenye bei. Yaani alipozificha, mteja wa London alilipishwa VAT ya Kenya kwa mlango wa nyuma.

Mwenye wateja wa ndani na wa nje ndiye aliyetaabika zaidi. Huyo alilazimika kuigawa kodi ya manunuzi kwa uwiano wa mauzo, na sehemu inayotozwa kodi ikishuka chini ya asilimia 10 hapati kitu.

Maurice Lauré alipoijenga VAT ya Ufaransa mwaka 1954, hoja ilikuwa kodi isirundikane njiani. New Zealand walipoanzisha GST, VAT yao, mwaka 1986 chini ya Roger Douglas, misamaha ilikuwa ya kuhesabika na mauzo ya nje yalikuwa sifuri. Hata Bunge letu la 2013 lilifyeka misamaha kwa ujasiri ambao sijauona tena. Siku hizi kila Juni ni viraka, na waliokumbana na VAT ya mafuta Septemba 2018, asilimia 16 iliyokatwa ikawa 8 ndani ya mwezi huo huo, hawashangai.

Kiraka cha 2022 kikazidisha: asilimia 16 kwa huduma zote zinazouzwa nje, isipokuwa kazi za kampuni zinazokabidhiwa watu wengine kwa mkataba, kama vituo vya simu. Wahasibu wakageuka mawakili, kila mmoja akithibitisha kwamba mteja wake ni kituo cha simu.

Sheria ya 2023 ilirudisha sifuri, na ilifanya vyema. Lakini ilianza 1 Julai 2023 bila kurudi nyuma, kwa hiyo VAT ya manunuzi iliyonasa kati ya Julai 2021 na Juni 2022, kabla ya ile asilimia 16 kurudisha haki ya kuidai, bado imekaa vitabuni kama gharama.