Laki Nne Zilizorudi Nyumbani

Mkopo wa mshahara hulipwa kabla mwenye mshahara hajauona. Mwajiri hukata, benki hupokea, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti. Kwa miaka sita au saba familia huishi ndani ya kiasi hicho, tena bila kuhitaji nidhamu yoyote ya pekee, kwa sababu nidhamu inafanywa na mtu mwingine. Siku makato yanapokoma, kazi hiyo inamrudia mwenye mshahara mwenyewe, naye hajawahi kuifanya. Hapo ndipo watumishi wengi huteleza, wakajikuta wamesaini mkopo mwingine kabla mwaka haujaisha.

Familia ninayoichambua hapa ni ya Kihonda, Morogoro. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ni fundi cherehani, na watoto ni watatu. Waliwahi kuteleza mara mbili, safari ya tatu wakasimama. Wameniruhusu kupitia salari slipu na daftari lao la matumizi. Mshahara nimeubadili kidogo ili wasitambulike, kisha nikapiga upya makato yote kwa viwango vya kisheria.

Tuanze na slipu. Mshahara wa msingi ni 900,000. Mchango wa pensheni wa PSSSF, asilimia 5, ni 45,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 27,000. Ada ya chama cha wafanyakazi, asilimia 2, ni 18,000. Kodi ya mapato hupigwa baada ya kutoa pensheni, yaani kwenye 855,000, nayo inakuja 91,750. Hayo hayaepukiki, na yakishatoka yanabaki 718,250. Kisha yalikuja madeni: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilichukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000, na benki ikachukua 280,000 za mkopo uliojenga nyumba yao. Kilichofika mkononi ni 303,250. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, ambayo kwake ni 300,000. Alikuwa amekopa mpaka ukingoni kabisa.

Kwa hiyo madeni yote mawili yalipokwisha, 415,000 zilirudi. Mshahara wa mkononi uliongezeka zaidi ya mara mbili bila kupandishwa daraja wala kuhamishwa kituo.

Kabla ya kuona walichofanya na fedha hizo, inafaa tuelewe kwa nini deni la benki lilichukua muda mrefu hivyo. Mkopo wa takriban milioni 12.9, wa miezi 72, wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, unalipwa kwa rejesho la 280,000. Mwezi wa kwanza, 172,000 ya rejesho hilo ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 108,000 tu. Baada ya miaka miwili mkopaji ameshalipa 6,720,000, ila salio limeshuka kwa kama 3,030,000. Sasa hapo ndipo afisa mikopo hupiga simu na habari njema: unaweza kuongezewa. Ukikubali, unapewa hizo 3,030,000 zilizopungua, deni linarudi lilipoanzia, na miezi 72 inaanza kuhesabiwa upya. Rejesho halibadiliki hata shilingi, ndiyo maana nyongeza haiumi. Lakini umeongeza miezi 24 ya kulipa, na 280,000 mara 24 ni 6,720,000. Umepokea milioni tatu kwa ahadi ya kulipa karibu milioni saba.

Mwalimu huyu aliongezewa mara mbili. Nilipouliza fedha zilikwenda wapi, mama alifungua daftari, na majibu yalinifundisha kuliko hesabu ya riba. Ya kwanza ilitoka Januari: sare, viatu, madaftari, na mtoto aliyekuwa anakwenda bweni na godoro lake. Ya pili ilitoka Februari mwaka mwingine: unga ulikuwa umepanda, paa linavuja, na ukoo ulikuwa umepanga mchango wa harusi. Hakuna anasa hapo. Vyote ni vitu vilivyojulikana kwamba vitakuja, na karibu vyote vilijulikana vitakuja mwezi gani. Walichokosa ni fedha ya mwezi huo, basi wakawa wananunua sare za shule kwa riba ya asilimia 16 na kuzilipa hata baada ya mtoto kukua zikawa hazimtoshi.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nami naiamini kwa dhati: familia iliyomaliza deni isianze kwa kuuliza iwekeze wapi. Ianze kwa kujitanguliza mbele ya matumizi yake, angalau msimu mmoja. Akiba ya uzee na faida ya hatifungani vina nafasi yake, lakini familia ambayo Januari bado inaikuta haina kitu itakopa tena hata kama ina vipande vya uwekezaji mahali fulani.

Walichofanya kwanza kilikuwa cha makaratasi, nami nitakipita haraka. Walichukua hati ya kumaliza deni kutoka Bodi ya Mikopo na barua kama hiyo kutoka benki, kisha wakasubiri slipu ya mwezi uliofuata kuona kama makato yameondoka kweli. Usiruke hatua hii. Makato yanaweza kuendelea baada ya deni kwisha, na kudai kurejeshewa ni safari nyingine. Mkopo wa elimu ulitangulia kwisha kwa miezi michache, ukisaidiwa na uamuzi wa Serikali wa 2021 wa kufuta tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa ikilikuza deni kila mwaka. Ile 135,000 iliyoachiwa mapema ilitumika kufuta daftari la dukani kwa Mangi na kumalizana na mkopo mmoja wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali. Kwa hiyo rejesho la mwisho la benki, mwezi Machi, liliwakuta hawadaiwi na yeyote.

Aprili, Mei na Juni waliishi kana kwamba deni bado lipo. Mama ndiye aliyesimamia hilo. “Mwalimu, hii hela tusiizoee,” alimwambia, na siku ya mshahara 415,000 zikawa zinahamishwa kwenda akaunti nyingine asubuhi hiyohiyo, kwa agizo la kudumu waliloliacha benki. Agizo hilo ndilo fundi wa mpango mzima. Lilirudisha ile hali ya fedha kuondoka kabla haijaonekana, safari hii ikielekea kwao. Miezi mitatu ikatoa 1,245,000. Matumizi ya mwezi, yanayolipwa na mshahara ule wa zamani pamoja na kipato cha cherehani, ni 450,000. Wakatenga 900,000 kama akiba ya dharura ya miezi miwili. Zikabaki 345,000, na Julai zikaingia chakulani.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ubanaji matumizi unapokuwa ufundi. Mtu anayeishi kwa kubangaiza hununua kidogokidogo: sukari robo, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, unga kilo mbili. Kila kipimo kidogo kina nyongeza yake ya bei, na anayekosa fedha ya kununua kingi ndiye anayeilipa nyongeza hiyo kila siku. Familia hii ilinunua magunia matatu ya mahindi ya Gairo kwa 70,000 kila moja, wakati wa mavuno. Walipima kwenye mizani, kilo 100 kila gunia. Wauzaji wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, walikuwa na maneno matamu, lakini mama alitaka namba. Usafiri na mifuko isiyopitisha hewa ikala 35,000. Iliyobaki, 100,000, ilinunua maharage.

Mahindi yakiwa na unyevu huoza ndani ya mfuko wa namna hiyo, kwa hiyo walipima ukavu kwa njia wanayofundisha mabwana shamba. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, unatia mahindi na chumvi kavu kidogo, unafunga na kutikisa kwa muda, kisha unaacha vitulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado; ikibaki huru chini, yamekauka. Gunia moja lilishindwa jaribio. Likaanikwa uani siku kadhaa, watoto wakifukuza kuku, kisha likapimwa tena. Mfuko usiopitisha hewa ukifungwa sawasawa, dumuzi hukosa hewa na kufa bila dawa. Kwa wanaokumbuka mdudu huyu alivyoteketeza maghala tangu alipoingia kupitia Tabora miaka ya 1970, hilo si jambo dogo.

Ukijumlisha bei ya gunia, usafiri, mfuko na kusaga, kilo ya dona iliwasimamia kama shilingi 950. Februari, sembe dukani kwao ilikuwa 1,700. Dona na sembe si unga mmoja, na watoto walinung'unika wiki za mwanzo, kwa hiyo sitadai kwamba tofauti yote ni akiba. Lakini hakuna uwekezaji halali ninaoujua wa miezi saba unaokaribia faida hiyo.

Jikoni wanapikia gesi, na maharage hulowekwa usiku. Jiko la presha la umeme hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, nalo liko kwenye orodha yao, ila wamelisogeza mbele baada ya kuhesabu uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita yao iko kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukihamishwa kundi, bei ya uniti inakuwa karibu mara tatu. Baba alitaka friji. Friji ya kawaida ingekula kama uniti moja kwa siku, thelathini kwa mwezi, na kuwavusha mpaka. Walichonunua badala yake ni mota ya cherehani, inayotumia nusu ya umeme huo na kurudisha fedha kila wiki. Naunga mkono uamuzi huo, ingawa siuoni kuwa wa milele: mwenye biashara ya juisi angekuwa na hesabu nyingine kabisa.

Kuanzia Julai mgawanyo wa 415,000 ukawa hivi. Mia moja elfu huenda kwenye mfuko wa msimu. Walikaa mezani wakaandika kila kitu kisichokuja kila mwezi: shule ya Januari 400,000, mahindi 210,000, ukarabati wa nyumba 170,000, michango ya harusi na misiba 240,000, nauli ya Desemba kwenda kwa wazazi 180,000. Jumla 1,200,000, gawanya kwa 12. Napenda kwamba michango imo. Bajeti nyingi hujifanya kama misiba haipo, kisha mwenye bajeti anakopa ili asiwaaibishe nduguze. Wao wameweka kiwango, na anayeomba zaidi ya hapo anajibiwa kwa heshima kwamba mfuko wa mwaka umefikia hapo.

Elfu hamsini huenda SACCOS, baada ya kuhakikisha kwamba ina leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ukaguzi huu ni wa lazima, maana bima ya amana inayomlinda mteja wa benki hadi milioni 7.5 haihusu akiba iliyo kwenye ushirika. Laki moja na nusu hukusanyika kwenye mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, ambako fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Zikipita milioni moja, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kununua hatifungani ya Serikali, hununuliwa hatifungani inayolipa riba kila baada ya miezi sita. Walichagua tarehe ili riba moja iangukie karibu na Januari.

Iliyobaki, 115,000, wanaila. Nasisitiza hili kwa sababu washauri wengi wangewakataza. Kuna mayai sasa, na maziwa, na nyama Jumapili. Mama alipata miwani aliyokuwa akiihitaji ili atunge uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto. Watu waliobana kwa miaka mingi wakiambiwa wabane tena vilevile, siku moja mpango wote huachwa kwa hasira, na afisa mikopo yupo palepale kwenye simu.

Simu hizo bado zinaingia. Slipu inaonyesha nafasi ya makato, na wanaouza mikopo wanajua kuisoma. Mwalimu ana jibu moja: anaomba atajiwe jumla ya marejesho yote hadi mwisho, si rejesho la mwezi, kisha anaiandika kando ya kiasi atakachopokea. Mpaka sasa hakuna aliyemaliza sentensi hiyo akabaki na hamu ya kuuza.

Januari iliyopita mtoto wa pili aliingia kidato cha kwanza. Mfuko wa msimu ulitoa 400,000 ukapungukiwa na 60,000, kwa sababu shule aliyopangiwa ni ya bweni na hawakulitarajia hilo. Zilichukuliwa kwenye akiba ya dharura na kurudishwa kwa miezi miwili kutoka kwenye zile 115,000. Mwaka huu mgao wa msimu umepandishwa hadi 130,000, na 30,000 hizo zimetoka kwenye laki na nusu ya uwekezaji.