Kutoka Kabale hadi Ndosho: siku tatu na saa zake

Dereva mwenye haraka akitoka Kampala leo alfajiri, kesho asubuhi anakunywa chai Goma. Sisi tulitumia siku nne. Ilikuwa Agosti 2017, likizo kubwa. Mdogo wangu anayeishi Kampala alikuwa anamrudisha mama yetu nyumbani Ndosho, mjini Goma, na alitaka watoto wake watatu waone milima na maziwa ambayo yeye na mimi tulikua nayo bila kuyatazama. Gari lilikuwa Toyota Noah, usukani kulia. Yeye aliendesha, shemeji akakaa nyuma na watoto pamoja na mama, nami nikakaa mbele kushoto, saa mkononi na daftari magotini. Daftari hilo bado ninalo. Nalichambua hapa kuanzia siku ya pili, kwa sababu safari nyingi za familia huharibikia mwishoni, dereva akiwa amechoka, pesa imepungua na nyumbani kunavuta.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kilomita. Siku ya kwanza tulizimeza kama 400, Kampala hadi Kabale, tukasimama Kayabwe tu ili watoto wapige picha kwenye alama ya ikweta. Siku ya pili, Kabale hadi Kisoro, hazikufika 90. Siku ya tatu, Kisoro hadi Ndosho kwa njia ya Cyanika, Musanze na Rubavu, zilizidi 100 kidogo. Siku ya nne tulizunguka magharibi ya Goma tu, tukarudi kulala kitanda kilekile. Mzigo mkubwa tuliubeba tukiwa na nguvu. Naona hili ndilo jambo tulilolipanga vizuri kuliko yote.

Mtu anayejua ramani atauliza kwa nini hatukupita Bunagana. Kutoka Kisoro, Bunagana ni pua na mdomo, na unaingia Kongo moja kwa moja, kisha Rutshuru, kisha Goma. Lakini barabara ile ilikuwa mbovu, na ya Rutshuru ilikuwa na sifa ya utekaji. Kwa mwanamume mmoja na mkoba wake, ni hesabu nyingine. Kwa watoto watatu na mama mzee, kuvuka mipaka miwili kupitia Rwanda ilikuwa bei ndogo. Tangu Juni 2022, waasi wa M23 walipoiteka Bunagana, hata swali lenyewe limebadilika.

Siku ya pili Ziwa Bunyonyi tulilipa nusu siku, na hiyo ilikuwa kasoro. Ziwa lile lenye visiwa 29 liko juu ya mita 1,900, baridi yake ya asubuhi inauma, na ukungu hulala juu ya maji mpaka jua lipande. Watoto walianza kulifurahia pale tulipowaambia warudi garini. Mchana tukapanda kuelekea Kanaba, na pale juu, mahali ambapo msafiri hutarajia kuiona milima ya Virunga yote kwa mpigo, tuliona kitambaa cheupe tu. Agosti ni kiangazi. Vumbi na moshi wa mashamba huelea, na ikifika saa nne asubuhi milima huwa imeanza kufutika.

Katika kushuka, mdogo wangu aliweka gia ya pili na kuiacha injini ishike gari badala ya kukanyaga breki kila kona. Mbele yetu lori lilikuwa likinuka breki zilizoungua mpaka mama akaziba pua kwa kitenge. Tulilisubiri litangulie mbali.

Kesho yake, Kisoro, tuliwaamsha watoto kabla ya saa moja asubuhi, saa ya Uganda, jua likichomoza. Muhabura alikuwa amesimama wazi kuanzia miguuni hadi kileleni, mita 4,127, na kando yake Mgahinga na Sabyinyo wenye meno. Mtoto wa kati alihesabu meno ya Sabyinyo kwa kidole, akauliza ni jino lipi la Kongo. Swali zuri, maana nchi tatu zinakutana juu ya mlima ule. Kufikia saa nne ukungu ulikuwa umerudi. Nikaandika katika daftari kwa herufi kubwa: MAPEMA. Siku ile hiyo ikawa sheria ya gari letu, na siku ile ilikuwa sahihi.

Cyanika, mpakani mwa Uganda na Rwanda, ilitupa mambo manne kwa wakati mmoja.

La kwanza, karatasi. Gari la Uganda linahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima. Abiria naye anahitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hiyo nayo ni ya njano. Shemeji alizifunga zote katika bahasha moja, na dirishani zikachanganyika mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Tenganisheni: za gari kwa dereva, za watu kwa mama wa watoto. La pili, mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008. Mandazi ya safari yalihamia kwenye kikapu cha mama, mifuko ikabaki mpakani.

La tatu ni saa. Ukivuka, saa tano ya Uganda inakuwa saa nne. Watu hufurahi kwamba wamepata saa nzima ya bure. Hawajaipata. Kabale jua huzama baada ya saa moja usiku, lakini Goma huzama mara tu baada ya saa kumi na mbili jioni. Giza halikuvuka mpaka pamoja na mkono wa saa. Aliyezoea mwanga wa Kampala anajikuta bado yuko barabarani, taa zimewashwa, watoto wanalia njaa. Kwa hiyo nilihesabu kurudi nyuma kutoka machweo: Ndosho kabla ya saa kumi na moja, mpaka wa Grande Barrière wa kuingia Goma kabla ya saa kumi, Musanze kuondoka saa saba. Tulifika kwa tofauti ya dakika ishirini.

La nne ni upande wa barabara. Uganda huendesha kushoto, Rwanda na Kongo kulia. Gari lenye usukani kulia likiwa katika barabara ya kulia humweka dereva ukingoni, na abiria wa mbele huwa ndiye aliye karibu na katikati. Maana yake ni kwamba dereva haoni mbele ya lori analotaka kulipita. Mwenye macho ni abiria. Tulikubaliana maneno mawili tu, "bado" na "pita", na kwamba nikinyamaza maana yake ni bado. Mdogo wangu aliacha nafasi kubwa nyuma ya lori ili mimi nione mapema, kisha akauliza, "Yaya?", ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. Nami nikajibu moja kati ya yale mawili. Kati ya Musanze na Rubavu, penye kona zinazofuatana, nilisema "bado" mara nyingi kuliko nilivyohesabu.

Hata hivyo tulikosea, na halikuwa kosa la kulipita lori. Tulitoka kituo cha mafuta Musanze, barabara ikiwa tupu, watoto wakigombania biskuti, na mkono wa mazoea ukampeleka mdogo wangu kushoto. Tulikwenda hivyo kama mita mia. Basi lilitokea kwenye kona likiwasha taa, akarudi kulia, hakuna aliyesema neno mpaka mji ukaisha. Penye magari mengi, magari yenyewe hukuongoza. Hatari iko pale unapotoka kituoni au uani na barabara haina mtu. Tuliposimama tena, shemeji akafunga kipande cha kitenge chekundu juu ya usukani. Sheria ikawa rahisi: dereva yuko ukingoni, akijiona yuko katikati ya barabara, amepotea.

Grande Barrière tulipita salama, isipokuwa dola moja iliyochanika pembeni ambayo hakuna mtu Goma aliyeikubali. Halafu tukaingia mjini, chukudu, zile baiskeli za mbao, zikiteremka na magunia ya makaa, nyumba za mbao zikiwa juu ya mawe meusi, na mama akaanza kuwataja watu kwa majina kabla hatujafika. Ndosho iko katika komine ya Karisimbi, upande wa magharibi, kando ya njia ya Sake. Usiku ule watoto walitolewa uani kutazama kaskazini. Juu ya Nyiragongo, mita 3,470, wingu lilikuwa jekundu kwa chini, kama moshi wa jiko unaopokea moto. Wakati ule ziwa la lava lilikuwa bado linachemka ndani ya mlima. Mtoto mkubwa aliuliza kama mlima unawaka kila siku. Mama akamjibu kwamba mwaka 2002 ulishuka mpaka mjini. Hakuongeza.

Tulipokuwa tukila, mdogo wangu akatangaza mpango wa kesho: kuondoka saa kumi na mbili alfajiri kwenda Lac Vert, ziwa dogo la kijani lililo ndani ya kreta karibu na Mugunga, kabla ukungu haujaondoka juu ya maji. Ilikuwa sheria yetu ileile, mapema, na mimi niliafiki. Mama akaweka kijiko chini.

"Asubuhi hapana. Kule chini iko mazuku."

Mazuku ni neno letu, na wataalamu wa volkano duniani wameliazima kama lilivyo, wanaliandika katika ripoti zao bila kulitafsiri. Ni kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka chini sana, ikipenya nyufa za mawe ya lava ya zamani, na kutokea katika mabonde na mashimo kati ya Goma na Sake. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu ya kukuonya. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipai. Hutiririka kama maji na kujaa shimoni. Ikifika asilimia 10 ya hewa unayovuta, unaweza kuzimia kwa dakika chache, na katika mashimo mengine hupita kiasi hicho mbali sana.

Sasa tazama saa. Mchana jua hupasha ardhi, upepo wa ziwa hupuliza, na gesi hutawanyika. Usiku upepo hulala, ardhi hupoa, na shimo hujaa polepole mpaka asubuhi. Kwa hiyo alfajiri, ile saa safi kabisa ya kumtazama Muhabura, ndiyo saa ambayo mazuku yamejaa kuliko saa nyingine zote. Sheria niliyoiandika Kisoro kwa herufi kubwa ingetupeleka shimoni kwa miguu yetu. Mdogo wangu alizaliwa Ndosho. Jina mazuku alilikumbuka. Saa yake alikuwa ameisahau. Nami niliyekuwa naishi pale nilikuwa nimelewa ratiba yangu.

Tukaigeuza siku. Alfajiri tulibaki uani, tukautazama Nyiragongo kutoka nyumbani, wazi bila wingu, bila kushuka popote. Tuliondoka saa nne, tukafika Lac Vert saa tano, majani yakiyumba kwa upepo.

Na hata saa tano haitoshi peke yake. Kwenye njia ya mguu kulikuwa na dimbwi kavu la mawe, labda hatua sita kwa upana, kina chake kikifika kiunoni mwangu. Majani yake yalikuwa mazuri kuliko ya jirani. Ndani yake alilala ndege mdogo, mbawa zimefungwa, na mende kadhaa migongo chini. Mpira wa mtoto mdogo ukaviringika humo. Alikuwa na miaka minne, urefu wake mita moja. Mimi nikisimama katika shimo lile, pua yangu iko juu ya ukingo. Yeye, kichwa chake chote kiko ndani. Alikuwa ameshainua mguu mama alipomkamata shati kwa nyuma. Mdogo wangu akataka kuwasha kiberiti ashushe apime. Mama akamkataza hilo pia, na alikuwa na haki: moto ukizimika, mkono unaoushika tayari uko ndani ya gesi, na anayeinama kuusogeza anainamisha pua yake. Mpira tuliuacha.

Sake tulifika mchana, juu ya lava ambayo mlima wa volkano wa Nyamulagira uliimwaga kati ya 1938 na 1940 mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Ni mahali pa ajabu, lakini watoto walikuwa wamechoka na wanataka kuogelea. Nusu saa ilitosha.

Nikiihukumu safari kwa jumla: kilomita zilipangwa vizuri, machweo yalihesabiwa vizuri, abiria wa kushoto alifanya kazi yake. Saa ya siku ya mwisho mimi na mdogo wangu tuliikosea sote wawili, na tuliokolewa na mtu ambaye hatukumuuliza wakati wa kupanga, ingawa alikaa kiti cha nyuma kwa siku tatu.

Tangu hapo mengi yamegeuka. Mei 22, 2021 Nyiragongo ulipasuka na ziwa lake la lava likatoweka. Mwaka 2023 vita vilijaza wakimbizi katika kambi za Bulengo na Lac Vert, na watoto wa urefu wa mita moja wakalala usiku kucha kwenye ardhi ile tuliyoiogopa saa tano ya mchana. Januari 2025 Goma yenyewe ikaingia mikononi mwa M23. Gesi haikusimama kusubiri lolote kati ya hayo.

Utakapoleta watoto wako upande huu, lala kwanza kwa mwenyeji, na kabla hujamuuliza njia ya ziwa, muulize mashimo yako wapi na jua lifike wapi ndipo mshuke.