Mifereji Saba ya Mahameli

Kiti chenye mgongo wa mifereji hakimfichi fundi. Kwenye mgongo bapa, kitambaa kilichovutwa vibaya huweza kupita bila mtu kugundua. Kwenye mifereji iliyosimama wima, mmoja ukipinda, jicho huenda pale pale. Fundi mwenye haraka humshawishi mteja akubali mgongo bapa, yaishe. Fundi mzee ninayemzungumzia, wa Jego karibu na Vanga, hafanyi hivyo.

Kazi yake huanza kwa kufumua, wala hararui. Anang'oa misumari kwa patasi butu na nyundo ya mbao, akianzia kitambaa cha nyuma kilichopigwa mwisho, kisha mikono, kisha mgongo wenyewe. Kila kipande anakiandika kwa chaki na kukiweka kando, kwa sababu kitambaa kikuukuu ndicho kipimo cha kipya. Chini yake kuna gunia lililooza na misumari iliyoliwa na kutu, maana hewa ya pwani ina chumvi. Matundu ya misumari anayaziba kwa vijiti na gundi, viungo vilivyolegea anavibana kwa kamba, kisha anakiacha kiunzi kikauke hadi kesho yake. Mteja akipita kuulizia, huambiwa gundi haisukumwi.

Baada ya kukaza mikanda na kupiga gunia jipya, anashika chaki na futi. Anatafuta kwanza mstari wa katikati, kisha anagawanya mgongo mifereji saba: sentimita 10 juu, 7 chini, kwa kuwa mgongo hupungua kuelekea kwenye kikalio. Kitambaa cha juu hakifuati vipimo hivyo. Kila mfereji anauongezea sentimita 4, ziwe 14 juu na 11 chini, kwani kitambaa kinapaswa kupanda, kuzunguka na kushuka tena. Akikosea hapa, hakuna kujaza kutakakomwokoa. Ndiyo maana hupima, akafuta, akapima tena.

Kitambaa ni mahameli ya kijani. Anakipitishia kiganja ili ajue malaika yake yamelalia wapi, na kuhakikisha yote yanaelekea chini. Chini ya mahameli anaweka merikani, iliyochorwa mistari sawa na ya gunia. Anashona mstari kwa mstari, akilinganisha alama na alama, hadi vipande viwili vinakuwa mirija saba iliyolegea. Kisha anaupigilia ukingo wa chini kwenye kiunzi, na kwa shazia anaibana merikani kwenye gunia ili mirija isihame.

Sasa anajaza. Ana sufi iliyochambuliwa, isiyo na hata mbegu moja. Sufi ikisukumwa peke yake hung'ang'ania kitambaa na kufanya mabonge. Kwa hiyo ana vipande viwili vya bati jembamba, kingo zake zimelainishwa kwa tupa. Anapanga sufi katikati yake, anayabana mabati pamoja, anayateremsha ndani ya mrija hadi chini, anaishikilia sufi kwa ufito wa mbao, kisha anayavuta mabati polepole, moja baada ya jingine. Sufi inabaki, imejaa sawasawa. Anaanza na mfereji wa katikati, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, ili mvuto usielemee upande mmoja. Kila akimaliza mmoja anafumba macho na kuupapasa kutoka juu hadi chini. Akikuta shimo, anaufungua na kuongeza ngumi moja ya sufi.

Mwisho anavuta ncha za juu nyuma ya ubao na kukunja kikunjo kimoja kwenye kila mshono, vyote vikitazama nje kutoka katikati. Kwanza misumari anaipiga nusu. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama, anang'oa miwili, anavuta tena. Akiridhika ndipo anaikita yote na kufunga kitambaa cha nyuma.

Kiti kama hiki kina mbao ngumu ambazo sofa nyingi za siku hizi hazina. Kilichokufa ni gunia, sufi na kitambaa, na vyote hivyo vinabadilishika. Basi ukiwa na kiti cha babu kimetupwa uani, kabla hujakifanya kuni, kipeleke kwa fundi anayepima mara mbili, na umpe siku anazoomba.