Mzee si Mzigo: Kukosoa Madodoso ya Nyongeza

Mpango wa maendeleo huanza na uchunguzi wa hali halisi. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 5.6 ya Watanzania. Ilihesabu vichwa; haikueleza kwa kina wazee wanaishije. Ndiyo kazi ya dodoso la nyongeza. Huko Ifakara, mwaka 2007, watafiti waliokwisha kuandikisha kaya zote waliwarudia wenye miaka 50 na zaidi, wakawauliza juu ya afya na kuridhika kwao na maisha.

Njia hiyo tunaiunga mkono, kwani hupunguza gharama. Tunalolikosoa ni kwamba maswali yalielemea mwili wa mzee, si jasho lake. Maswali hayo yakiletwa Zinga, bibi ataandikwa kuwa anaumwa magoti. Haitaandikwa kwamba asubuhi alipalilia mihogo, mchana akasuka makuti, jioni akalisha wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam wakitafuta kazi. Kisha takwimu zitamwita tegemezi! Nani anamtegemea nani?

Azimio la Arusha la 1967 lilitambua kwamba mzee asiyejiweza kuishi kwa jasho la wenzake ni haki, si unyonyaji. Zanzibar iliipa haki hiyo umbo Aprili 2016, kwa pensheni ya kila mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi.

Basi, ndugu makada, mshikapo dodoso ulizeni kwanza: mzee huyu bado anafanya kazi gani, kwa nini, na matunda yake anakula nani?