"Kuandaa Utumbo" au Kuusafisha? Uhakiki wa Istilahi za Kumtayarisha Mtoto kabla ya Upasuaji

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazomjia upesi mtafsiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno, imo moja inayostahili kuhakikiwa kabla haijaota mizizi: "maandalizi ya utumbo". Makusudio yake ni kazi ya kuondoa kinyesi chote katika utumbo mpana, ili daktari aweze kuuchungulia ndani kwa kamera, au aupasue bila ya kuchafua jeraha. Kwa mtu mzima istilahi mbovu huleta usumbufu. Kwa mtoto mdogo yaweza kuleta madhara, maana asomaye maelezo si mgonjwa mwenyewe bali ni mama au bibi yake, na sehemu ya kazi hiyo hufanyika nyumbani, mikononi mwao.

Na tuuchukue mkoa wa Kilimanjaro uwe mfano wetu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa wa kanda ya kaskazini. Mama anayeshuka na mwanawe kutoka Kibosho, Marangu au Rombo amezoea Kiswahili cha sokoni, shuleni na kanisani. Mwambie "aandae utumbo", naye atasikia mambo ya jikoni. Kuandaa ni kuweka tayari, hasa chakula. Na utumbo, kwa kila aliyewahi kufika buchani, ni nyama ya kuosha na kupikia supu. Hatusemi kwamba mama atakwenda buchani. Twasema kwamba istilahi haikumwambia lolote la kutenda, na kwa hiyo ataulizia kwa jirani.

"Kusafisha utumbo" ni bora, maana kitenzi chataja tendo lenyewe. Lakini isiwe "kusafisha tumbo". Tumbo lina mengi ndani yake, na wanawake wengi wanajua vyema maana ya "kusafishwa" baada ya mimba kuharibika.

Neno "choo" nalo lina taabu yake. Ni kinyesi, na pia ni nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa. Agizo la "endelea mpaka choo kiwe safi" laweza kusomwa kwa namna mbili, na "mpaka choo kiwe cheupe" ni baya zaidi, kwa kuwa kinyesi cheupe cha mtoto mchanga ni dalili ya ugonjwa wa njia ya nyongo. Kinachotakiwa ni majimaji yasiyo na vipande, yenye umanjano hafifu. Kwa nini basi isiandikwe hivyo? Wapo watakaosema kwamba "kinyesi" ni neno zito mbele ya wakwe. Katika miteremko ya Kilimanjaro hoja hiyo ina historia yake: katika jando ya kale ya Wachaga, ambayo ilikwisha koma, wanaume waliohitimu walidaiwa kuwa wamezibwa na kwamba hawaendi tena haja kubwa, na siri hiyo ilitunzwa kwa kiapo. Heshima hiyo twaielewa. Hata hivyo, karatasi ya hospitali haiketi barazani na wakwe.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno "afunge". Mwislamu wa Moshi mjini akiambiwa mtoto afunge, ataelewa kwamba hata maji hayaruhusiwi mpaka jua lizame. Mkristo aliyezoea Kwaresima aweza kuelewa kwamba maji si kitu. Na yupo atakayekumbuka kwamba "kufunga choo" ndiyo maradhi yaliyomleta hospitali! Kanuni inayojulikana sana ya nusukaputi kwa watoto ina saa tofauti: chakula kikome saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na vinywaji viangavu saa 2. Kwa uchunguzi wa utumbo mpana, chakula kigumu kwa kawaida husimamishwa tangu siku iliyotangulia. Neno moja haliwezi kubeba saa zote hizo. Iandikwe "asile", "asinyonye", "asinywe", na kila tendo lipewe saa yake.

Tumesema "vinywaji viangavu", na hapa twatofautiana na wanaoandika "vinywaji vyeupe", kwa maana maziwa ni meupe. "Vyepesi" huruhusu uji mwepesi. "Visivyo na rangi" humnyima mtoto chai ya rangi, ambayo haina madhara. Na "supu" ikiachwa peke yake, bibi wa Machame kwa upendo wote atapika mtori, yaani ndizi na nyama zilizopondwa, chakula ambacho hupewa hata mama aliyejifungua. Istilahi "kiangavu" ifuatiwe na maelezo mafupi: kinywaji ambacho, kikiwa ndani ya glasi, waweza kukiona kidole chako upande wa pili.

Kuhusu dawa zenyewe Kiswahili si maskini. Tunayo haluli, tunayo sanamaki, tunayo mafuta ya mbarika. Lakini "dawa ya kuharisha" itumiwe kwa uangalifu: mama aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba kuhara huua mtoto, ataiacha dawa mara tu inapoanza kufanya kazi. Aambiwe mapema kwamba mtoto atahara, kwamba ndivyo inavyotakiwa, na ni dalili zipi zinazompasa kumrudisha hospitali.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Wapo watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Hukadiriwa kuwa mmoja katika vizazi 5,000. Sehemu ya mwisho ya utumbo wao haina seli za neva, hivyo haisukumi kinyesi. Kabla ya kupasuliwa huoshwa utumbo kwa mrija. Hapo "enema" na "kuosha utumbo" si visawe, ingawa hutumiwa ovyo kana kwamba ni kitu kimoja. Katika enema dawa huingizwa, na mtoto huachwa aitoe mwenyewe, jambo ambalo mtoto huyu hawezi. Katika kuosha, maji huingizwa kidogo kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, na yaliyoingia hutolewa kwa mrija uleule.

Maji hayo ni ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Mtafsiri akiandika "maji ya uvuguvugu" tu, maji matupu hunyonywa na mwili, chumvi ya damu hupungua, ubongo huvimba, na mtoto hupatwa na degedege. Akiandika "mpe maji ya chumvi", mama aliyefundishwa maji ya chumvi na sukari atamnywesha. Twapendekeza "mmumunyo wa chumvi wa kuoshea", uandikwe daima pamoja na kipimo chake kwa tarakimu na njia ya kuingizia, na kwamba kamati ya istilahi isiupitishe kabla ya kuwasomea akina mama wodini na kuwataka waeleze, kwa maneno yao wenyewe, watakachofanya.